Nyumba njema si mlango: Funzo la Olkaria kwa sera ya makao

MTU anayefika Olkaria kwa mara ya kwanza huona mvuke kabla ya kuona nyumba. Mvuke mweupe hupaa kutoka visimani, mabomba mapana hupinda na kupindua juu ya vilima, na ngurumo za mitambo hufunika milio ya ndege wa mbuga ya Hell's Gate. Mbele zaidi, katika ardhi iliyokatwa kutoka shamba kubwa la Kedong, zimesimama nyumba za mawe zenye paa za mabati, zinazofanana kama watoto pacha.

Waliozipokea hawakuzijenga wala hawakuzinunua. Walikabidhiwa mwaka wa 2014, walipoondolewa katika vijiji vyao ili kupisha mradi wa umeme wa mvuke. Kabla ya hapo wengi wao waliishi katika nyumba za fito, udongo na samadi, zilizojengwa kwa mikono ya wanawake wa Kimaasai kama ilivyokuwa desturi tangu jadi.

Kwa macho ya mpita njia, hiyo ni neema. Nyumba ya mawe haivuji, haihitaji kukandikwa upya kila baada ya mvua, na haiungui kwa cheche moja ya moto. Iwapo mkaguzi wa majengo angefika hapo na futi yake ya kupimia, huenda angeondoka akiwa ameridhika. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo kwisha, baadhi ya waliokabidhiwa nyumba hizo walikuwa wamepeleka malalamiko yao hadi Washington na Luxembourg.

Ni nini kinachomfanya mtu aliyepewa nyumba bora kuliko ile ya kwanza kulalamika? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko ukubwa wa kijiji chenyewe. Linagusa sera nzima ya makao nchini Kenya, wakati huu ambapo serikali inajenga nyumba kwa pesa zinazokatwa kutoka mishahara ya wafanyakazi, na wakati kanuni mpya za ujenzi zimechukua mahali pa zile zilizodumu kwa zaidi ya nusu karne.

Safari ya kuhama

Olkaria si jina geni katika historia ya umeme wa Kenya. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Mbuga ya Hell's Gate ilitangazwa mwaka wa 1984. Kwa hivyo, ndani ya kipindi kifupi, wafugaji wa eneo hilo walijikuta wakiishi kati ya mitambo, wanyamapori, mashamba makubwa na viwanja vya maua vinavyozunguka Ziwa Naivasha.

Kuhamishwa pia hakukuwa jambo jipya kwa Wamaasai. Mkataba wa mwaka wa 1904 kati ya wakoloni Waingereza na viongozi wa jamii hiyo uliwaondoa wengi katika Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, na ule wa 1911 ukawahamisha tena waliopelekwa Laikipia. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Ndiyo maana kila anayefika na karatasi ya kutiwa sahihi katika sehemu hizo hutazamwa mara mbili.

Mwezi wa Mei 2010, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 330 za Marekani kwa mradi wa kupanua huduma za umeme nchini. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na mashirika ya maendeleo ya Ufaransa, Ujerumani na Japani nayo yalichangia upanuzi wa Olkaria. Lengo lilikuwa kuongeza megawati 280: 140 kutoka mtambo mpya wa Olkaria IV na 140 kutoka upanuzi wa Olkaria I.

Vijiji vinne vilikuwa karibu mno na visima na mitambo hiyo. Gesi yenye harufu ya yai viza na kelele za mvuke unaofyatuka kwa nguvu zilifanya eneo hilo lisifae kwa makao ya watu. Kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ilinunua ardhi ya ekari 1,700, ikajenga nyumba karibu 150, shule, zahanati na makanisa, ikavuta maji na kuchonga barabara. Mkataba wa maelewano kati ya kampuni na wawakilishi wa wakazi ulitiwa sahihi mwezi wa Julai 2013. Familia zilihama mwaka uliofuata, na mwezi wa Oktoba 2014 Rais Uhuru Kenyatta akazindua mtambo wa Olkaria IV.

Kwa kanuni zilizozoeleka katika miradi mikubwa barani Afrika, mpango huo ulikuwa na mengi ya kusifiwa. Hakuna aliyefukuzwa kwa tingatinga usiku. Palikuwa na sensa, kamati, mikutano na maandishi. Linganisha na yaliyotokea mwezi huo huo wa Julai 2013 katika kijiji jirani cha Narasha, ambako nyumba za wafugaji ziliteketezwa katika mzozo wa ardhi.

Kuta zafaulu, makao yashindwa

Malalamiko yalifika kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na kwa kitengo cha malalamiko cha Benki ya Uwekezaji ya Ulaya mwaka wa 2014. Jopo lilifika Olkaria, likatoa ripoti yake mwezi wa Julai 2015. Ripoti hiyo haikusema kwamba nyumba zilikuwa mbovu. Ilikubali kwamba makao mapya na huduma zake vilikuwa hatua mbele. Kasoro ilizozipata zilikuwa kwingine.

Kwanza, kulikuwa na suala la hatimiliki. Makubaliano yalikuwa kwamba ardhi ihamishwe kwa jamii, lakini watu waliingia katika nyumba hati ikiwa bado haijafika mikononi mwao. Familia ilikuwa na ufunguo wa mlango bila ya kuwa na karatasi inayosema kwamba ardhi iliyo chini ya mlango huo ni yake.

Pili, kulikuwa na suala la lugha na uongozi. Mikutano na maandishi muhimu yalitawaliwa na Kiingereza na Kiswahili, huku baadhi ya wazee na wanawake wakielewa Kimaa pekee. Kamati zilizoundwa kwa ajili ya mradi zilichukua nafasi ambayo kimila ilikuwa ya wazee. Jopo lilikosoa pia jinsi miongozo ya Benki kuhusu jamii za wenyeji wa asili ilivyoshughulikiwa.

Tatu, kulikuwa na suala la riziki. Katika kijiji cha utamaduni kilichokuwa karibu na lango la mbuga, wanawake waliuza shanga na vijana waliwaongoza watalii. Wengine walipata vibarua mitamboni. Baada ya kuhama, riziki ilibaki pale pale ilipokuwa ilhali mtu amesogezwa mbali nayo. Nauli ikawa gharama mpya ambayo hapo awali haikuwako.

Nne, kulikuwa na suala la ardhi yenyewe. Wakazi walilalamika kwamba sehemu ya ekari hizo ni miteremko na makorongo isiyofaa malisho. Udongo wa Olkaria ni wa majivu ya volkano. Ukikauka huwa vumbi, ukinyeshewa hukatika na kuwa mtaro, na mtaro huo huwa korongo baada ya misimu michache. Barabara inayopita katika udongo kama huo bila mifereji ya maji haidumu.

Na mwisho, kulikuwa na waliodai kwamba hawakuorodheshwa katika sensa, hivyo wakahamishwa bila ya kupewa nyumba.

Kuanzia mwaka wa 2015 pande zote ziliketi katika upatanisho ulioongozwa na wasuluhishi kutoka kwa wafadhili, na mwezi wa Mei 2016 zikatia sahihi makubaliano. Barabara, hati ya ardhi na kaya zilizodai kuachwa nje ni baadhi ya mambo yaliyozungumziwa. Yaani, miaka karibu miwili baada ya watu kuhamia, ndipo yalipojadiliwa mambo yaliyopaswa kumalizwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Olkaria mlango ulikuwa mzuri. Waliouliza kilichoko ndani walichelewa kusikilizwa.

Kanuni zinazoona ukuta pekee

Kosa hilo halikuzaliwa Olkaria. Mizizi yake imo katika jinsi sheria ya Kenya ilivyoelewa neno "nyumba" tangu uhuru. Sheria ndogo za ujenzi za mwaka wa 1968, zilizorithi fikra za Uingereza, zilieleza kwa undani aina ya vifaa, unene wa kuta, ukubwa wa vyumba na madirisha. Zilitazama jengo kana kwamba limeshuka kutoka angani na kutua mahali popote.

Matokeo yake yalikuwa mawili, na yote yalionekana katika eneo hili hili la Nakuru.

La kwanza ni kwamba kiwango kilichowekwa juu mno kiliwafungia maskini nje ya sheria. Mama mjane mwenye ploti ndogo katika mtaa wa Kaptembwo au Rhonda hangeweza kujenga kwa mawe na saruji kama ilivyotakiwa. Alijenga kwa alichokuwa nacho, na papo hapo akawa mvunja sheria. Mpangaji wake akawa anaishi katika nyumba isiyotambuliwa, na askari wa baraza akapata mlango wa kudai kitu kidogo. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mwananchi dhidi ya nyumba mbovu ikageuka kuwa fimbo ya kumchapia kwa sababu ya umaskini wake.

Mageuzi yalipokuja mwaka wa 1995, kanuni zilizorekebishwa zilikubali wazo rahisi: ukuta upimwe kwa kazi yake. Kama unasimama imara, unazuia mvua na hauhatarishi maisha, haijalishi kama ni wa jiwe au wa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Baraza la Manispaa ya Nakuru lilikuwa miongoni mwa mabaraza yaliyozikumbatia kanuni hizo, likisaidiwa na shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action. Wenye ploti na mafundi walishirikishwa, na majengo ya bei nafuu yakapata kibali halali.

Funzo la Nakuru lilikuwa kwamba kiwango bora hutokana na kumwuliza anayejenga na atakayekaa. Kwa bahati mbaya, mji ulio mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Olkaria ulikuwa umejifunza jambo ambalo waliopanga kijiji kipya hawakulitumia kikamilifu.

Tokeo la pili ni kwamba kanuni zilizotazama ukuta hazikutazama mahali. Mnamo Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita katika mtaa wa Huruma, Nairobi, liliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua takriban watu 50. Lilikuwa limejengwa kando ya mto, lilikuwa limetiwa alama ya kubomolewa, na bado lilikuwa na wapangaji. Miaka minane baadaye, siku na mwezi huo huo, Aprili 29, 2024, maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli katika eneo la Old Kijabe yalipasua njia na kuteremka hadi Kamuchiri, Mai Mahiu. Zaidi ya watu 45 waliaga dunia. Mai Mahiu iko katika kaunti ile ile ya Nakuru, upande wa pili wa Mlima Longonot ukitoka Olkaria.

Nyumba za Kamuchiri zilizosombwa hazikuanguka kwa sababu saruji ilipunjwa. Zilikuwa kwenye njia ya maji, na hakuna ukuta wa nyumba ya kawaida ambao ungestahimili mkondo ule. Swali la kiwango hapo lilikuwa: nani alikagua kivuko cha maji chini ya reli, na nani alikagua bonde lililo chini yake? Hayo hayakuulizwa na mkaguzi aliyefundishwa kuhesabu nondo.

Mizani saba

Kuna kipimo kipana zaidi, na Kenya imekikubali kwa muda mrefu. Nchi hii iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni mwaka wa 1972. Mwaka wa 1991, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilieleza mambo saba yanayofanya makao yafae: usalama wa umiliki, huduma za msingi, gharama inayomudika, usalama na ubora wa jengo, kufikika kwa wasiojiweza, mahali panapofaa, na kuheshimiwa kwa utamaduni wa wakazi.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilitia haki hiyo katika kifungu cha 43, kinachompa kila mtu haki ya makao yanayofaa na yanayofikika. Mwezi wa Januari 2021, Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell iliyowahusu wakazi waliobomolewa nyumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilitambua kwamba miongozo ya Umoja wa Mataifa inaweza kusaidia kufafanua haki hiyo pale sheria za nchi zinapoacha pengo.

Iweke Olkaria katika mizani hiyo. Kwa ubora wa jengo, inafaulu. Kwa huduma, inafaulu kiasi: shule na zahanati zipo, barabara ikawa tatizo. Kwa gharama, nyumba ni ya bure, lakini nauli ya kuifuata riziki si ya bure. Kwa umiliki, watu waliingia kabla ya hati. Kwa mahali, waliondolewa kwenye kelele na gesi, wakasogezwa mbali na soko lao.

Kuhusu utamaduni, jambo linahitaji ufafanuzi. Katika boma la Wamaasai, nyumba, yaani enkaji, ni ya mwanamke. Yeye huijenga, huitengeneza na humiliki mlango wake. Mume mwenye wake watatu huwa na nyumba tatu katika boma moja, na kila mama ana mamlaka chini ya paa lake. Mpango wa makao unaohesabu "kaya" kwa jina la mtu mmoja na kuipa nyumba moja hauhamishi desturi hiyo pamoja na watu wake. Sensa inayouliza "nani kichwa cha familia?" huwa imekwisha kuamua jibu kabla ya kulisikia. Hapo ndipo swali la nani ameachwa nje linapoanza, na linaanza katika fomu ya makarani kabla ya fundi kuchanganya saruji.

Ukitoa alama kwa haki, basi, Olkaria ilipata alama kamili katika somo moja kati ya saba, na alama za kubahatisha katika yaliyosalia. Mfumo wa ukaguzi wa majengo ulikuwa na macho ya kuona somo hilo moja tu.

Yanayosemwa na upande wa pili

Si haki kuuacha upande wa pili bila ya kusikizwa. Wapo wanaouliza kwa nini familia karibu 150 zilizopewa nyumba za mawe bure zilalamike, ilhali mamilioni ya Wakenya wanalipa kodi kila mwezi kwa chumba kimoja cha mabati. Wapo wanaosema kwamba nchi inahitaji umeme, kwamba umeme wa mvuke hautegemei mvua kama ule wa mabwawa, na kwamba kila mwezi wa kuchelewa una gharama yake kwa viwanda na kwa mwananchi anayelipa bili.

Hoja hizo zina ukweli. Umeme wa Olkaria umeiokoa nchi katika misimu ya ukame, na upanuzi umeendelea: Olkaria V ilianza kazi mwaka wa 2019, na kitengo cha sita cha Olkaria I mwaka wa 2022. Hakuna mtu mwenye busara anayetaka visima hivyo vizibwe.

Lakini swali halikuwa kama watu wapewe nyumba au wasipewe. Nyumba hizo hazikuwa sadaka. Zilikuwa fidia kwa kitu kilichochukuliwa, na fidia hupimwa kwa thamani ya kilichopotea. Mtu aliyekuwa na nyumba dhaifu, malisho mapana na soko mlangoni, akapewa nyumba imara, malisho yenye makorongo na soko la mbali, ana haki ya kuuliza hesabu ilivyopigwa.

Kuhusu kuchelewa, historia yenyewe imejibu. Hati ya ardhi ingalishughulikiwa kabla ya watu kuhama, na mikutano ingalifanywa kwa Kimaa tangu mwanzo, pasingalihitajika jopo kutoka Washington wala vikao vya upatanisho vilivyoendelea hadi mwaka wa 2016. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Funzo kwa nyumba za leo

Umuhimu wa Olkaria hauishii kwa wafugaji wake. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa sahihi mwezi wa Machi 2024, baada ya mahakama kuikataa namna ya kwanza ya ushuru huo mwishoni mwa 2023. Kwa sheria hiyo, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Katika jiji la Nakuru, mradi wa Bondeni umejengwa ukiwa na zaidi ya nyumba 600.

Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka wa 2024 nazo zilianza kutumika Machi 1, 2025, na kuzizika rasmi zile za 1968. Ni hatua iliyongojewa kwa miaka mingi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, na serikali za kaunti sasa zina chombo cha kisasa mkononi.

Hatari iliyopo ni kudhani kwamba kanuni mpya na ghorofa mpya zinatosha. Nyumba za ushuru zikihesabiwa kwa idadi ya milango iliyokabidhiwa, tutarudi pale pale. Ghorofa inaweza kupita kila jaribio la zege na bado ikawa mbali na kazi, bila ya njia ya matatu, kwa bei ambayo mama wa mboga aliyehamishwa ili ijengwe hawezi kuimudu.

Aidha, Bonde la Ufa halijamaliza kuchimbwa. Menengai, karibu na jiji la Nakuru, tayari inazalisha umeme, na Longonot na Suswa zimetajwa kwa miaka mingi kama maeneo yenye mvuke. Siku moja kuna kijiji kitakachoambiwa tena kipishe. Je, kitakuta serikali iliyojifunza?

Mambo manne yanaweza kufanywa bila ya kungoja mfadhili wa kigeni ayadai.

Kwanza, pasiwe na mtu anayekabidhiwa ufunguo kabla ya hati. Cheti cha kuruhusu watu kuhamia katika makao ya fidia kisitolewe mpaka karatasi ya umiliki iwe tayari, ikiwa na majina ya wake na waume wanaohusika. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 imefungua njia kwa ardhi inayomilikiwa na jamii nzima.

Pili, ukaguzi uanzie juu ya mlima, usianzie kwenye msingi. Kabla ya mpango wa makao kuidhinishwa, kaunti iulize maji ya mvua yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Kamuchiri na makorongo ya Olkaria yanasimulia kisa kimoja: udongo wa Bonde la Ufa haumsamehe anayejenga bila ya kuutazama.

Tatu, mkaguzi arudi. Desturi ni kwamba jengo likikwisha, faili hufungwa. Makao ya watu waliohamishwa yanafaa kukaguliwa tena baada ya mwaka mmoja na baada ya mitano, na safari hiyo asiulizwe mkandarasi, aulizwe anayelala humo. Anapata wapi maji? Analipa nauli kiasi gani? Mifugo yake imebaki mingapi?

Nne, mikutano ifanywe kwa lugha ya wanaohamishwa, na maandishi yao yawe katika lugha hiyo. Kibali kilichotolewa na mtu asiyeelewa alichokikubali hakina uzito wowote, hata kikipigwa mihuri kumi.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji teknolojia mpya. Yote yanahitaji mabadiliko katika kile ambacho ofisi za serikali hukiita nyumba. Sheria za 1968 ziliona kuta na kuacha watu nje. Mageuzi ya 1995 yalimwona maskini anayejenga. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka wa 2025 zitapimwa kwa jinsi zitakavyomwona yule asiyejenga wala kununua, anayejengewa kwa sababu mahali pake panatakiwa na wengine.

Olkaria, mvuke unaendelea kupaa na taa zinawaka Nairobi na Mombasa. Nyumba za mawe bado zimesimama katika safu zake, na hakuna anayedai kwamba zitaanguka. Lakini mama anayeondoka humo alfajiri akiwa na mfuko wa shanga, akiangalia barabara kama ina gari la kumfikisha kwa watalii, anajua jambo ambalo halimo katika ramani ya msanifu wa majengo. Kanuni za ujenzi za nchi hii zitakuwa zimekomaa siku zitakapomhesabu na yeye.